Mwezi Niliouhesabu kwa Chumvi

Mimi si mtu wa kukaa. Nalisema hili mapema ili usije ukategemea maneno ya utulivu kutoka kwangu. Nasuka nywele hapa Bel-Air, Lubumbashi, na hata kusuka nasuka nimesimama, mguu mmoja ukicheza. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mwambie akae kwenye benchi la kliniki asubuhi nzima, tumbo linamuuma chini ya kitovu, angoje kuitwa. Akishaitwa, aambiwe angoje matokeo. Matokeo yakifika, aambiwe angoje mwezi mwingine. Kama na wewe ndiyo kwanza unaianza safari hiyo, dada, haya nayaandika kwa ajili yako. Wakati wangu sikupata wa kunieleza chochote, zaidi ya wale wanaosema haraka haraka haina baraka, na hao niliwachoka.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka mapema, kabla sijawaambia watu zaidi ya mume wangu. Nilisafishwa kwenye kituo kidogo cha afya, nikarudi nyumbani jioni ileile, na kesho yake nilikuwa saluni. Lakini tangu siku ile tumbo halikuwa langu tena. Kulikuwa na maumivu mazito huku chini, yakija na kuondoka bila kuaga. Damu ya mwezi ilipoisha, haikuisha kweli, ilibakiza matone ya rangi ya kahawia ambayo yaliniaibisha hata mbele yangu mwenyewe. Kisha mimba ya pili nayo ikatoka, na safari hii watu walikuwa wamejua.

Kabla sijafika kwa daktari lazima nieleze habari ya chumvi, maana bila hiyo hutaelewa lolote.

Nkambo wangu, bibi aliyenilea, alikuwa mtu wa upande wa Luapula. Kwa watu wake mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Anapika vizuri tu, anakoroga, anaonja, lakini chumvi haigusi. Akiigusa, walaji watapata kikohozi kisichopona. Kwa hiyo mboga ikishaiva anaitwa mtoto wa nyumbani, anatia chumvi kidogo, anarudi kucheza. Nkambo alinifundisha hata kuhesabu miezi yangu kwa chumvi hiyohiyo. Unaweza kucheka. Mimi nimesoma, nina simu nzuri, nafahamu kwamba kikohozi hakitoki kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Lakini mkono wangu haufahamu. Nilijaribu mara moja, nikiwa nimeolewa karibuni, na mkono ulisimama juu ya sufuria ukakataa kufunguka.

Tatizo ni kwamba kwetu hakukuwa na mtoto wa kuita.

Kambale, mume wangu, ni Munande wa Butembo, mbali huko kaskazini. Anauza bidhaa za jumla, anashinda kwenye barabara ya mpaka wa Kasumbalesa na malori yake. Kwao hawana desturi hii. Mwanzoni alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona sichezi, akanyamaza, akachukua kopo la chumvi, akatia mwenyewe. Tangu hapo ikawa kazi yake. Anaitia chumvi kama mtu anayetupia kuku mahindi, na wiki hizo tulikuwa tunakula huku kikombe cha maji kiko karibu. Sikuwahi kumlalamikia. Mwanaume anayeingia jikoni kwa ajili ya hofu ya bibi ambaye hakumjua, huyo nilimpenda zaidi kila mwezi, na kila mwezi nilihuzunika zaidi, kwa kuwa mkono wake kwenye sufuria ulimaanisha kwamba sijashika mimba.

Kliniki tuliyoelekezwa iko upande wa Karavia, kwenye nyumba zenye bustani. Ilikuwa Juni, na wanaoifahamu Lubumbashi wanajua baridi ya Juni ilivyo asubuhi. Tulikaa wanawake tupu kwenye benchi refu la ukumbini, tumejifunga vitenge juu ya sweta, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alikuwa amekuja kwa jambo lilelile na kila mmoja alijifanya amekuja kwa malaria. Mimi nilisimama, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi, nikatembea tena. Mama mmoja mnene wa Ruashi, Mama Béa, akanishika kitenge ili nikae, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, ikala basi. Unatuzungusha kichwa.”

“Siwezi, mama. Nikiikala minawaza.”

“Basi njoo usuke hizi nywele yangu, ziko mbaya. Ukiwa na kazi hautawaza.”

Nikachana nywele zake palepale, nikaanza kusuka. Wa pili akauliza kama nitamsuka na yeye. Kabla ya kuitwa nilikuwa nimeshasikia habari za matumbo matatu, na kwa mara ya kwanza tangu mimba ya pili nilicheka. Kuanzia siku ile sikwenda kliniki bila kitana kwenye mkoba. Na wewe ukienda, beba kitu cha kushughulisha mikono, hata kama ni mchicha wa kuchambua.

Docteur Ekofo ni mtu wa Kinshasa. Kiswahili alijifunza hapa, akiwa mtu mzima, na anakisema polepole kama mtu anayevuka matope, akisema njo badala ya ndiyo kama watu wa hapa. Mcheshi, anapenda kula, kila kitu kwake ni soko. Aliniambia wazi kwamba mimba zangu zinafika, ila hazikai, na kwamba anataka kukata kipande kidogo cha ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi, pale mtoto anapojishikiza, kipimwe.

“Madame, ule ukuta hauko vile vile kila siku,” alisema. “Kila juma unabadirika. Iko protini zenye kutokea juma hii, na zingine juma ingine, kisha zinapotea. Mutoto anafika, anatafuta zile zake. Donc, siku ya kukata kile kipande njo kila kitu. Wee ni mutu wa hapa. Ukienda mu soko mwezi ya saba kutafuta bowa, utaipata?”

Bowa ni uyoga wetu, hutoka na mvua kubwa. Nikamwambia mwezi wa saba hakuna bowa, kuna vumbi tu.

“Njo ile! Mutu wa kuja na ndege mwezi ya saba atasema Katanga haina bowa. Iko anajidanganya. Sasa unielezee, cycle yako ilianza siku gani?”

Nikamwambia siku mwezi wangu ulipoanza. Niliisema bila kusita, maana mimi na miezi yangu tunajuana. Akahesabu kwa vidole, akatazama kalenda ya ukutani, akanipa siku ya kurudi.

Kukatwa kile kipande hakukuchukua muda, lakini sitakudanganya, kunauma. Chumba kilikuwa baridi, na vyuma vilikuwa baridi kuliko chumba. Niliuma pembe ya kitenge changu. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno, kisha yakaisha, na muuguzi akaniletea chai yenye sukari nyingi bila mimi kuomba. Ile chai naikumbuka kuliko maneno yote ya kitaalamu. Nje Kambale alikuwa amesimama mlangoni, hakukaa hata yeye. Nikamtania kwamba nimeshamwambukiza.

Kipande kilipelekwa mbali, nje ya nchi, na sisi tukangoja mpaka baridi ikaisha. Sikungoja kwa ustaarabu. Niligombana na wateja. Nilipanga upya viti vya saluni, nikavirudisha, nikavipanga tena. Matokeo yalipokuja, Docteur Ekofo hakutania. Alisema ukuta wangu haufuati kalenda. Kwa tarehe niliyompa ulitakiwa kuwa katikati ya soko, bidhaa zote mezani. Badala yake ulikuwa kama watu wamekwisha kufunga meza wanaondoka. Protini anazozitafuta hazikuonekana sawasawa. Kwa maneno mengine, mtoto anafika, soko limefungwa.

Nilitoka mle nikiamini kwamba mwili wangu umeumbwa vibaya. Niliamini hivyo kwa miezi, na ndiyo sehemu ya ugonjwa iliyoniumiza kuliko kitu chochote kilichoingizwa tumboni mwangu.

Dawa zilikuwa vidonge vya homoni. Vilinikuta na vumbi la Septemba. Uso ulivimba, matiti yakauma hata kwa kuguswa na blauzi, na blauzi zenyewe zikakataa kufunga. Nywele zangu, mimi msusi, zikaanza kubaki kwenye kitana. Nililia nikimsuka mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa akinieleza habari za mtihani wake. Kambale akirudi kutoka Kasumbalesa ananikuta nimehamisha kitanda upande mwingine wa chumba. Akiuliza sababu, namfokea. Asipouliza, namfokea zaidi. Na mwezi ulikuja vilevile, na matone ya kahawia vilevile, na Kambale na kopo lake la chumvi.

Mwezi wa kumi, joto likiwa limekaza na mvua zinakataa kushuka, mama mkwe alifika kutoka Butembo.

Mama Masika ni mwembamba, ana macho ya kuona. Amefanya biashara maisha yake yote, hakuna kinachompita. Aliletwa na habari kwamba mke wa mwanawe hazai. Siku ya tatu au ya nne ya kukaa kwake, damu yangu ilianza. Nikapika sombe, nikamwita Kambale, naye akaja na kopo lake kama kawaida. Mama Masika akasimama katikati ya jiko.

“Kambale! Unafanya nini pale?”

“Minatia chumvi, mama.”

“Tangu lini mwanaume anatia chumvi mu mboga, muke yake iko anaangalia?”

Kambale akajaribu kumweleza. Alieleza vibaya, kwa aibu, na mama yake hakuamini hata neno moja. Alichokiona yeye ni mwanawe aliyefungwa kwa dawa, na dawa yenyewe iko ndani ya kopo. Tangu jioni ile hakula chakula changu, alijipikia viazi vyake pembeni. Na alituvizia. Kila wakati wa kupika aliketi kwenye kigoda mkabala na mlango wa jiko, kimya, akiangalia ni mkono wa nani unashika chumvi leo. Juma zima lilipita hivyo. Halafu siku moja, ilikuwa Jumatano, damu ilikuwa imekwisha, nilioga, nikatia chumvi mwenyewe. Nilimwona akiinua kichwa.

Jumapili, baada ya kanisa, alisema mbele yangu bila kunitazama, “Mu Butembo kuko binti wa jirani yetu. Iko na adabu. Wazazi yake banatujua.”

Nilimngoja Kambale aseme neno. Kambale alitazama viatu vyake. Sitayasahau yale macho yaliyoinama, nimemsamehe lakini sijayasahau. Mama Masika akaendelea. Alikuwa amesikia kwamba nina siku ya kurudi kwa daktari kupanga kipimo cha pili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia Kambale kile daktari alichosema: kipimo hiki kikisema kama cha kwanza, yeye hana njia nyingine. Mama mkwe akasema atakwenda na mimi, asikie kwa masikio yake. “Docteur akisema hapana, ni hapana. Mutoto wangu hatazeeka bila mutoto.”

Asubuhi yake tulikwenda watatu, na Kambale.

Benchi lilelile. Mama Béa alikuwepo, akaniona, akavua kitambaa cha kichwa bila salamu, nami nikaanza kusuka. Mama Masika alikaa mwisho wa benchi, mkoba magotini. Nilimvuta Mama Béa nywele kuliko kawaida, naye akavumilia. Alimtazama yule mama aliyekaa mwisho, akanitazama mimi, akaelewa yote. “Suka tu, yaya,” alisema, “kichwa yangu ni ngumu.”

Tukaitwa. Docteur Ekofo akatupa viti, nikabaki nimesimama. Akafungua karatasi zangu, akauliza swali lilelile la mara ya kwanza.

“Bon, Madame. Cycle ya sasa ilianza siku gani?”

“Jumatano iliyopita.”

Akachukua kalamu. Mama Masika akakohoa.

“Jumatano? Hapana. Docteur, huyu iko anakudanganya. Jumatano njo siku alianza kutia chumvi.”

“Chumvi?” Docteur Ekofo aliuliza. “Chumvi gani?”

“Chumvi ya mboga! Kabla ya ile Jumatano, mutoto wangu njo alikuwa anatia, juma muzima, na huyu iko mu damu. Niliona na macho yangu. Damu ilianza ile Jumatano ingine, ya juma ya nyuma. Sasa juu ya nini anasema ilianza juzijuzi?”

Nilikasirika. Nilimwambia mama mkwe, mbele ya daktari, kwamba sijamdanganya mtu. Nkambo wangu alinifundisha kuwa zile siku zisizo na chumvi ni mkia wa mwezi uliopita. Mwezi mpya unaanza pale unaporudi kwenye chungu, umeoga, unatia chumvi kwa mkono wako. Nimehesabu hivyo tangu nikiwa msichana. Watu wote wanahesabu hivyo!

Docteur Ekofo alikuwa ameweka kalamu chini. Alinitazama, akamtazama Mama Masika, akatazama kalenda ya ukutani.

“Madame,” alisema polepole, “na mwezi ya sita, ile siku ulinipatia... ilikuwa siku ya damu, ao siku ya chumvi?”

“Ya chumvi.”

Akavuta matokeo ya zamani. Alisoma kwa muda, midomo ikitembea, akihesabu upya. Kisha akaegemea kiti, akaanza kucheka, si kicheko cha kunidhihaki bali kile cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Alisema alikuwa ametafuta bowa mwezi wa saba. Kipande walikikata ukuta ukiwa karibu kuanguka, siku chache kabla ya damu, na kwa siku ile ulikuwa vile unavyotakiwa kuwa. Soko lilikuwa limefungwa kwa kuwa jioni ilikuwa imefika. Ukuta wangu ulifuata kalenda. Ni sisi wawili tuliokuwa na kalenda mbili.

“Niliuliza cycle,” alisema. “Sikuuliza damu. Pardon, Madame. Kweli, pardon.”

Nikakaa. Kiti kilikuwa nyuma yangu, nikakaa, na Kambale anasema ndiyo mara ya kwanza aliniona nikikaa bila kuombwa. Nililia kwa hasira ya vile vidonge, uso uliovimba, kitanda kilichohamishwa, miezi yote niliyoamini nimeumbwa vibaya. Na ndani ya hasira kulikuwa na furaha ambayo sikuijua niiweke wapi.

Basi, dada, kuuliza si ujinga, na kueleza pia si ujinga. Ukiulizwa siku, sema siku uliyoona damu kwa mara ya kwanza. Halafu mweleze daktari jinsi kwenu mnavyohesabu, hata kama unaona aibu, hata kama ni habari ya chumvi. Yeye hajalelewa na nkambo wako.

Lakini kama ukuta ni mzima, kwa nini mimba zinatoka? Docteur Ekofo alisema kuna kitu kinachoweza kujificha, na mwisho wa mwezi hakionekani vizuri, maana wakati ule ukuta wenyewe umejaa vurugu za kuanguka kwake. Lazima kitafutwe mapema, damu ikishakauka. “Ile juma ya kurudi kwa chumvi,” alisema, na Mama Masika akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yeye na daktari walisoma pamoja. Na juma lile ndilo tulilokuwemo. Nilikatwa kesho yake. Meno, kitenge, chai ya sukari.

Mvua ya kwanza ilishuka tukiwa tunangoja. Matokeo yalikuja barabara za Bel-Air zikiwa madimbwi. Kulikuwa na uvimbe wa zamani ndani ya ule ukuta, maambukizi yaliyobaki tangu niliposafishwa mara ya kwanza, kama makaa kwenye jiko la mbabula unalodhani limezimika. Mtoto alikuwa anajishikiza kwenye ukuta wenye moto. Nilimuuliza daktari kama dawa ipo. Akasema ipo, tena ya kawaida, ya kuua vijidudu, na Kambale atakunywa pamoja nami.

Dawa za kawaida zina adabu mbaya. Zilinitia kichefuchefu mpaka harufu ya bukari, ugali wetu, ikawa adui yangu. Nikipigwa na jua dakika chache, ngozi ya mikono inawaka, kwa hiyo Desemba nzima nilitembea na mwavuli mvua ikinyesha na jua likiwaka, na watoto wa mtaani wakaniita Madame Mwavuli. Mama Masika hakurudi Butembo. Hakuniomba msamaha pia, sijawahi kusikia ameomba. Ila asubuhi nilikuta uji wa mtama mlangoni, mwembamba, usio na harufu, wa kukaa tumboni na dawa. Siku za damu zilipofika, alisimama nyuma ya Kambale jikoni.

“Kidogo, Kambale! Unataka kutuua? Kidogo!”

Mwezi wa pili nilikatwa tena, kuhakikisha. Safi. Mama Masika akafunga mizigo yake, akaondoka bila kutaja binti wa jirani.

Usidhani hapo wasiwasi uliisha. Wasiwasi ulibadilisha nguo tu. Mvua zilipokatika, mwezi wa nne, siku zangu zilipita na damu haikuja. Nikatia chumvi. Kesho yake nikatia. Sikumwambia Kambale, nilikuwa nimeshamwambia mara mbili maishani na mara zote mbili nilimwona akivunjika. Lakini yeye naye alikuwa na hesabu yake. Jioni moja alikuja mlangoni mwa jiko, akaegemea.

“Solange. Leo nani anatia chumvi?”

“Miye.”

Hakuuliza zaidi. Kesho yake akaja tena. “Leo nani?” “Miye.” Ikawa ndiyo salamu yetu. Akiwa Kasumbalesa alipiga simu kuuliza hilo tu, madereva wake wakimcheka. Tulipita pale ambapo mimba ya kwanza iliishia. Tulipita pa mimba ya pili. Nilikuwa nikitia chumvi huku naogopa hata kuiangalia ikiyeyuka.

Baridi ilipokuwa kali kabisa, asubuhi moja niliona tone la kahawia.

Mchuzi wa maharagwe ulikuwa jikoni unachemka. Nilisimama na chumvi kiganjani na sikujua la kufanya. Kama hii ni damu, siruhusiwi kuitia. Nisipoitia, nimekubali kwamba ni damu. Kambale alikuwa njiani na simu yake haishiki. Nilimpigia mama mkwe, sijui kwa nini yeye, pengine kwa sababu ndiye aliyekuwa na macho ya kuangalia chumvi. Nilimwambia, nikilia.

Nilisikia kuku wake huko Butembo.

“Tia chumvi,” alisema.

“Mama, na kama...”

“Tia chumvi, mwana wangu. Mule ndani kuko mutu iko anakula. Kisha enda kwa docteur.”

Nikatia. Nikazima moto, nikachukua mwavuli kwa mazoea tu, nikaenda Karavia. Docteur Ekofo alinipima kwa mashine ya picha, akanigeuzia kioo, na pale ndani moyo ulikuwa unapiga, mdogo, wa haraka, usiotulia. Nikamwambia huyu ni wangu kabisa. Tone halikurudi.

Alizaliwa mvua kubwa zikiwa zimeshika mji, na sokoni akina mama wamepanga bowa kwenye mabeseni. Msichana. Kwa Banande msichana wa kwanza huitwa Masika, kwa hiyo bibi yake hakuwa na la kuongeza, ingawa aliongeza mengi.

Siku niliyorudi nyumbani Mama Masika alikuwa amepika bowa, kwa karanga. Mimi, damu ya uzazi ilikuwa bado inatoka, nilikaa mkekani na mtoto, mbali na chungu, na sikuwa na haraka ya kwenda popote. Bibi alionja, akatia chumvi, akatoka kuchota maji. Kambale akaingia. Aliniona mimi, akamwona mtoto, akaona chungu, akakumbuka kazi yake. Nilimwona akishika kopo na kutia. Ningeweza kusema kitu.

Tulipokaa kula, Mama Masika alitia tonge la kwanza mdomoni na macho yake yakafunguka. Alimtazama mwanawe. Alinitazama mimi. Kisha akakata tonge la pili, akalichovya vizuri kwenye mchuzi, akala. Tulikula bowa yote ile, machozi yakitutoka, mpaka chungu kikaisha, na hakuna aliyeuliza nani ametia chumvi.